Jiko la Mita Mbili: Anza na Sufuria ya Ugali

Swali hili nimeulizwa mara nyingi mno, siku hizi nalitambua kabla muulizaji hajalimaliza. Anaanza kwa kuisifia nyumba: vyumba viwili, sebule, choo ndani, maji yanatoka. Halafu sauti inashuka. "Shida ni jiko." Jiko ni mita 2 kwa mita 2 na nusu, pengine pungufu ya hapo. Fundi ameshapita na tepu yake, ametaja bei ya makabati, na anataka malipo ya awali Jumamosi. Afanyeje?

Jibu langu huwa haliwafurahishi: mwambie fundi asubiri wiki mbili. Na zile picha ulizohifadhi kwenye simu, ziweke kando kwanza. Majiko yale yanapendeza, ila mengi hayajawahi kusongewa ugali, na lako litasongewa ugali kesho mchana.

(Neno lenyewe linatuchanganya, maana jiko ni chumba na jiko ni kile kifaa cha moto. Humu nikisema jiko, nina maana ya chumba. Kifaa nitakitaja kwa jina lake lote: jiko la gesi.)

Siku tatu za kutazama sakafu

Kabla ya kuchora chochote, pika kama kawaida yako kwa siku tatu. Kila kitu unachokiweka sakafuni kwa kukosa pa kukiweka, kiandike. Hiyo ndiyo orodha ya kweli ya mahitaji yako, kuliko orodha yoyote utakayoitunga ukiwa umekaa sebuleni.

Jirani yangu alifanya hivyo baada ya mimi kumsumbua. Siku ya kwanza aliandika hivi:

- ndoo mbili za maji, moja ya kunywa na moja ya kuoshea
- beseni la vyombo vichafu
- mfuko wa mchele wa kilo 25
- mtungi wa gesi
- mbuzi ya kukunia nazi, imelazwa nyuma ya mlango
- sufuria kubwa ya pilau, na ndani yake sufuria nyingine nne
- kapu la vitunguu na viazi

Mchoro wa fundi wake ulikuwa mezani mbele yetu. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kilichopewa mahali. Kilichokuwamo ni vyuma vya kuning'inizia glasi za mvinyo, katika nyumba ambayo mvinyo haujawahi kuvuka kizingiti.

Utaniambia: mimi mbuzi niliiacha zamani, nazi nasaga kwa blenda. Sawa. Mbuzi itoke kwenye orodha, blenda iingie pamoja na soketi yake. Lakini kama bado unakuna, kumbuka kwamba mbuzi inahitaji sakafu. Unakaa, unanyoosha mguu, sahani iko mbele: hiyo ni karibu mita 1 ya sakafu tupu. Ama uiache jikoni, ama ukubali kukunia uani.

Pima, hasa visivyohama

Chukua daftari la hesabu, lile la visanduku. Kila kisanduku kihesabu kuwa sm 10. Chora kuta, kisha weka vitu ambavyo kuvihamisha ni gharama:

- mlango, pamoja na duara la njia yake unapofunguka
- dirisha, na kimo kutoka sakafuni hadi ukingo wake wa chini (ukingo ukiwa chini ya sm 90, kaunta italikata dirisha)
- mahali bomba la maji linapotokea ukutani
- tundu la maji machafu, na upande ilipo chemba nje
- soketi na swichi
- friji uliyonayo: upana, kina, na umbali ambao mlango wake unafika ukifunguliwa wote

Kila ukuta upime mara tatu: chini, kimo cha kiuno, na juu ya kichwa. Kuta zetu zimepigwa plasta kwa jicho, na tofauti ya sm 2 au 3 ni jambo la kawaida. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote. Kabati lililopimwa chini tu ndilo lile linalofika kwako siku ya kufungwa na kugoma kuingia, kisha fundi anaanza kuchonga plasta kwa nyundo huku wewe umeshika kichwa.

Umbo gani litaingia?

Hapa watu wanapoteza usingizi bure. Upana wa chumba ndio unaoamua. Kaunta ya kawaida ina kina cha sm 60. Mtu anahitaji angalau sm 90 za kusimama, kuinama na kufungua kabati bila kugonga makalio nyuma. Wakiwa wawili wanaopishana, mita 1 na zaidi. Basi:

- Upana chini ya mita 1.5: mstari mmoja kwenye ukuta mmoja. Usilazimishe kingine.
- Kati ya mita 1.5 na 2.1: umbo la L, au, kuanzia mita 1.8, mstari mmoja wa sm 60 na rafu nyembamba ya sm 30 kwenye ukuta unaoutazama.
- Mita 2.1 kwenda juu: mistari miwili inayotazamana. Jumlisha mwenyewe, 60 na 60 na 90.
- Umbo la U: mimi siligusi chini ya mita 2.4. Linapendeza kwenye picha, ila linakupa kona mbili zilizokufa na mtu wa pili hana pa kupita.

Ukiniuliza ninalolipenda kwa majiko yetu, ni lile la rafu ya sm 30. Watu hulidharau kwa kuwa ni mbao na vyuma vya pembe tu, halina milango wala vishikio vya kung'aa. Lakini tazama kinachotokea kwenye kabati la kina cha sm 60: mbele unaweka chumvi, nyuma yake unga, nyuma ya unga kuna kopo la hamira lililoisha muda wake mwaka juzi. Kwenye rafu ya sm 30 hakuna nyuma. Sahani zimepangwa, makopo yamepangwa, mkono unafika, jicho linaona. Panya naye hana pa kujificha.

Umbo la L lina kona moja ya sm 60 kwa 60 ambayo mkono haufiki. Mafundi watakuuzia vyuma vya kuzunguka vya kuingiza humo. Okoa fedha yako. Hapo ndipo pa sufuria ya pilau, inayotoka Idi, Krismasi na siku ya msiba.

Na kama unadhani udogo wenyewe ndio tatizo, kumbuka kwamba mwaka 1926 msanifu Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko la nyumba za bei nafuu za mji wa Frankfurt, Ujerumani, lenye upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Yalijengwa takriban 10,000, na mpishi aliwekewa kiti cha kuzunguka mbele ya dirisha ili akate mboga ameketi. Kinachonichekesha ni kwamba alipokuwa mzee alikiri kuwa kabla ya kulibuni hakuwahi kupika wala kuendesha nyumba. Yeye walau alikaa na kupima hatua za mpishi. Fundi wako amepima ukuta tu.

Sinki, jiko la gesi, friji: nani akae wapi

Huenda umesikia habari za pembetatu kati ya vitu hivi vitatu, kanuni iliyotokana na kazi za Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, miaka ya 1940. Inasema jumla ya pande zake isizidi karibu mita 8. Katika jiko lako hata ukijitahidi hufiki huko, kwa hiyo isikusumbue. Kwenye jiko dogo mtu hachoki kwa kutembea. Anachoka kwa kushika sufuria ya moto huku akitafuta pa kuitua.

Anza na sinki, kwa sababu bomba la maji machafu lina amri kuliko wewe. Linahitaji mteremko, yapata sm 2.5 kwa kila mita, na kila unapolisogeza mbali na chemba unaongeza mahali pa mafuta kuganda. Fundi bomba akikwambia "tutalizungusha tu kidogo," muulize litateremka vipi. Akinyamaza, sinki libaki lilipo.

Kisha fuata haya:

- Kati ya sinki na jiko la gesi acha sm 60, na zikipatikana 90 ni bora zaidi. Kipande hicho ndicho jiko lenyewe. Hapo unakata vitunguu, unachambua mchicha, unasukuma chapati.
- Upande wa pili wa jiko la gesi acha angalau sm 30 za kutulia sufuria ya moto.
- Jiko la gesi lisikae ukingoni kabisa karibu na mlango. Mpini wa kikaango utachomoza njiani, na mtoto anaingia mbio.
- Lisikae pia chini ya dirisha hasa. Upepo unazima moto huku gesi ikiendelea kutoka, na pazia linapepea. Kando ya dirisha ndipo mahali pake.
- Friji iwe karibu na mlango, ili anayetaka maji ya baridi asipite mgongoni mwako ukiwa na mafuta yanayochemka.
- Friji isigusane na jiko la gesi, na iachiwe sm 5 au zaidi nyuma na pembeni ipumue. Ikibanwa inafanya kazi saa zote, na bili ya umeme itakueleza.

Tuchukue mfano wa ukuta mmoja wa mita 2.4, ambao ndio ninaokutana nao zaidi. Mafundi hupenda sinki kubwa la mita 1, lile lenye ubao wa kuchuja vyombo, tena wanaliweka katikati. Kinachobaki ni vipande viwili vya sm 70. Kimoja kinamezwa na jiko la gesi la pleti mbili. Cha pili kinakuwa mbali na moto, na ndicho kinachojaa ndoo. Fanya hivi badala yake: sinki la bakuli moja, sm 50, kwenye mwisho wa kaunta. Halafu sm 90 tupu. Halafu jiko la gesi, sm 70. Mwishoni sm 30 za kutulia sufuria. Jumla ni mita 2.4 bila kubaki hata sentimita. Vyombo vitachujia wapi? Juu ya sinki, kwenye kichanja cha chuma kilichofungwa ukutani, maji yadondoke sinkini. Bibi zetu walikuwa na kichanja uani. Huyu ni mjukuu wake.

Kimo, na habari ya mwiko

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo majiko mengi mapya yanapoharibika na hakuna anayejua kwa nini mgongo unauma.

Kaunta zinajengwa kimo cha sm 90. Ukimuuliza fundi atakujibu, "Mama, kaunta zote ni tisini." Kipimo hicho si kibaya kwa mtu anayekata mboga. Lakini ni kipimo cha mtu fulani, pengine si wewe. Chako kipate hivi:

1. Vaa ndara unazovaa nyumbani, simama wima.
2. Kunja mkono kana kwamba umeshika kisu.
3. Mtu akupimie kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko.
4. Toa sm 10 hadi 15. Hicho ndicho kimo cha kaunta yako ya kukatia.

Sasa njoo kwenye ugali. Tuseme kiwiko chako kiko sm 100, na kaunta ni 88. Vizuri. Juu yake ukaweka jiko la gesi la pleti mbili, lenye kimo cha sm 12. Juu ya jiko la gesi, sufuria ya sm 15. Mdomo wa sufuria uko sm 115 kutoka sakafuni, juu ya kiwiko chako. Chai utapika. Mchuzi utapika. Ugali wa watu sita hutausonga, kwa sababu kusonga ni kukandamiza kwa uzito wa bega, na bega haliwezi kukandamiza kitu kilicho usawa wa kifua.

Nililiona hili kwa shangazi yangu, aliyejengewa jiko jipya na wanawe. Graniti nyeusi, vigae vyeupe hadi darini, kila mgeni alipitishwa kulitazama. Siku niliyolala kwake nilimkuta saa saba mchana: maji yamechemka, unga umeingia, na shangazi ameitua sufuria sakafuni. Amekaa kwenye kigoda, amebana sufuria kwa nyayo mbili juu ya kitambaa kilicholoa, anasonga kwa mikono yote miwili. Kisha anaiinua tena, anairudisha juu ya moto ugali uive, anaitua tena. Mara tatu, sufuria ya moto, mwanamke wa miaka sitini na kitu. Graniti inamtazama.

Dawa yake ni rahisi kama hujamwaga zege: sehemu ya jiko la gesi ishushwe. Kwa hesabu ile ile, ukiishusha hadi sm 70 mdomo wa sufuria unakuwa 97, chini kidogo ya kiwiko. Fundi atalalamika kwamba kaunta haitakuwa na mstari mmoja. Ni kweli, haitakuwa.

"Na watoto je? Sm 70 mtoto anafikia." Anafikia, na sitakudanganya kwamba hilo ni jambo dogo. Weka ukingo wa chuma au wa kigae ulioinuka mbele ya jiko la gesi, geuza mipini yote kuelekea ukutani, na mahali pake pawe mbali na mlango kama nilivyosema. Kama una mtoto anayeanza kusimama na hakuna lango la kumzuia, ishushe kidogo tu, hadi sm 78 hivi, utasonga kwa taabu kiasi lakini utasonga.

Ukitaka jiko la gesi la kusimama, lenye oveni chini, ujue kimo chake hakibadiliki: sm 85 hadi 90 bila sufuria. Kwa nyumba ya wali na keki, sawa. Kwa nyumba ya ugali kila siku, la mezani ni bora, hata kama halina sura ya dukani.

Jambo moja dogo ambalo karibu kila kaunta ya zege hulikosa: nafasi ya vidole vya miguu. Chini kabisa ya kabati, ukuta wake urudi ndani sm 7 hivi, kimo cha sm 10. Bila hiyo unasimama mbali na kaunta, unainamia mbele, na kiuno kinalipa.

Gesi

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Maana yake mitungi inazidi kuingia kwenye vyumba ambavyo vilijengwa wakati moto wa mkaa ukiwa uani, na mara nyingi hakuna aliyefikiria ikae wapi. Sehemu hii nakuomba usiiruke.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kuelekea dirishani, inashuka na kutandaa sakafuni, inajaa kabatini. Kwa hiyo:

- Mahali bora pa mtungi ni nje ya ukuta, kwenye kibanda cha wavu kinachofungwa, mpira ukipita kwenye tundu. Usiwe mbele ya mfereji wala chemba.
- Ukilazimika kuuweka ndani ya kabati, kabati liwe na matundu chini, usawa wa sakafu. Matundu ya juu peke yake hayasaidii.
- Usimame wima daima. Kuulaza ili "gesi iishe yote" ni hatari.
- Mpira usipite nyuma ya oveni wala kukunjwa na droo. Uonekane, uukague.
- Acha nafasi ya kuutoa. Mtungi wa kilo 15 ukijaa, na chuma chake, unakaribia kilo 30. Kama lazima uvute kabati kwanza, siku moja utavuta mpira.
- Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Viputo vikitoka, funga.

Ukinusa gesi: funga regulata, fungua mlango na madirisha, usiwashe wala kuzima taa, toka nje.

Na jiko la mkaa? Najua bado lipo, kwa maharage na makande. Libaki uani. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala moshi wa kukuonya, na chumba cha mita 2 kikifungwa kwa sababu ya mvua ni kaburi. Katika nyumba za mawe za Lamu jiko liliwekwa mara nyingi juu kabisa, karibu na paa, moshi na joto vitokee huko. Wewe huna ghorofa, lakini uani unao.

Siku maji yakikatika

Jiko linalopangwa kana kwamba bomba litatoa maji kila siku limepangwa kwa mji mwingine. Chini ya kaunta acha sm 45 bila kabati wala mlango, mahali pa pipa dogo au ndoo mbili zenye vifuniko. Pawe jirani na sinki. Ndoo yenye koki ikikaa kwenye rafu imara kando ya sinki, unaosha vyombo kama kawaida na huinami kuchota. Pima kimo cha ndoo yako kabla fundi hajaweka mbao. Nimeona nafasi nzuri kabisa ambayo ndoo ilishindwa kuingia kwa sababu ya mpini.

Umeme na mwanga, kwa haraka

Birika la umeme linakula wati 2,000 hivi, maikrowevu zaidi ya 1,000. Soketi moja ya kawaida inabeba yapata wati 3,000. Viwili hivyo kwenye kebo moja ya kuunganishia ni kutafuta moto. Dai soketi mbili pacha juu ya kaunta, angalau sm 30 kutoka kwenye sinki, na isiwepo hata moja nyuma ya jiko la gesi.

Taa ya katikati ya dari inakaa mgongoni mwako, unakatia vitunguu kwenye kivuli chako mwenyewe. Taa moja ndogo chini ya kabati la juu inatosha. Kabati lenyewe lianze sm 45 hadi 50 juu ya kaunta, lisizidi kina cha sm 35, na juu ya moto lisiwepo, au liwe sm 75 na zaidi.

"Nyumba si yangu, nimepanga"

Ndiyo barua nyingi kuliko zote, na jibu si kukaa bure. Usijenge chochote ambacho huwezi kukibeba kwenye kirikuu:

- Meza imara ya sm 50 kwa 90, ya kimo chako, ndiyo kaunta.
- Meza ya pili, fupi, ya jiko la gesi. Fundi seremala wa mtaani anaipiga kwa siku moja. Mwambie sm 70 na umsimamie, maana mkono wake umezoea nyingine.
- Rafu ya chuma ya kufunga kwa nati. Ya mbao zilizobanwa iepuke: ikilowa mara moja inavimba na haipoi.
- Mlango wa jikoni ukifungukia ndani na kula nafasi, mwombe mwenye nyumba uung'oe kwenye bawaba na kuuhifadhi. Weka pazia. Wengi hukubali, ni skrubu sita tu.

Nami niliwahi kuishi miaka miwili na friji iliyofunguka nusu kwa sababu mlango wake uligonga ukuta. Droo ya mboga haikutoka, kila nyanya niliichomoa kwa vidole. Siku ya kuhama fundi friji akaniambia mlango ule ungegeuzwa ufungukie upande wa pili, kazi ya dakika ishirini. Angalia lako kabla hujanunua meza.

Wiki ya chaki

Mpango ukishaonekana daftarini, uchore sakafuni kwa chaki, ukubwa wake halisi. Panga maboksi na meza mahali pa makabati. Kisha pika humo siku nne au tano. Mwite na anayekusaidia kupika, mpishane. Beba sufuria yenye maji kutoka sinki hadi motoni. Fungua friji huku mtu amesimama kwenye jiko la gesi. Kila unapokanyaga chaki, kuna kitu cha kusogeza, na chaki inafutika kwa tambara.

Nimewaona watu wakicheka hatua hii na kuiruka. Wale wale ndio wanaonipigia baadaye kuuliza kama graniti inaweza kukatwa ikiwa imeshafungwa. Inaweza, kwa bei ya kununua nyingine.

Kabla ya kumlipa fundi sehemu ya mwisho

Bakiza angalau robo ya fedha hadi umalize haya, naye akiwepo:

1. Fungua milango na droo zote kwa pamoja, ukianzia mlango wa chumba. Hakuna kinachopaswa kugongana.
2. Ingiza mtungi mahali pake na uutoe, peke yako.
3. Simama na mwiko kwenye sufuria tupu, sukuma kwa nguvu. Kaunta isitikisike.
4. Pitisha kidole kwenye maungio yote ya kaunta na ukuta. Penye mwanya, pajazwe silikoni leo, wala si "nitapita wiki ijayo."
5. Ziba sinki, lijaze hadi juu, kisha achia maji yote kwa mara moja na upige magoti na tochi ya simu kutazama bomba la chini. Tandika gazeti kavu hapo, uliache usiku kucha. Likiwa kavu asubuhi, mlipe.